Mashine ya laki nne na mkono wa mtoto

Ukishapita Bunju kuelekea Bagamoyo, kando ya barabara hazikosi kazi za mikono. Huku geti linachomelewa, kule vitanda vimepangwa vikisubiri wateja, mbele kidogo kuna mbao na matofali. Mapinga ni eneo la watu wanaojenga na kuhamia, na anayehamia nyumba mpya hutafuta mlango, dirisha, meza na kitu cha kukalia.

Ndiyo maana akina baba wengi wenye ufundi hutamani karakana ndogo uani. Bati chache, nguzo nne na meza moja vinatosha kuanza. Hakuna kodi ya fremu, hakuna nauli, na baba anafanya kazi huku akiwaona watoto wake. Lakini karakana ikihamia nyumbani huja na hatari zake, na watoto wanaishi palepale asubuhi hadi usiku.

Familia moja ya Mapinga ilianza kulijadili jambo hili mwishoni mwa mwaka, siku kikoba cha mama kilipogawana. Mgao wake ulikuwa shilingi 850,000. Mtoto wa kwanza, mvulana wa miaka 14, alikuwa akisubiri kuingia kidato cha kwanza Januari. Mdogo wake, msichana wa miaka 11, alikuwa bado shule ya msingi. Baba ni seremala. Kazi za saiti zilikuwa zikija na kukatika, na katikati yake alikuwa akitengeneza stuli na meza ndogo nyumbani.

Shida yake ilikuwa matundu. Stuli aliyoitengeneza ina matundu manne ya miguu kwenye kikalio, na mengine manane ya vijiti vinavyoshikanisha miguu. Tundu moja likienda upande kidogo, mguu hautui chini na stuli inacheza. Alikuwa anatoboa kwa drili ya mkononi, kwa kukadiria kwa macho, na mara kwa mara mteja alirudi na stuli yake kichwani.

Alichokitaka ni drili ya mezani, ile mashine ya kutobolea inayosimama kwenye nguzo, ambayo biti yake hushuka wima ukivuta mkono wa pembeni. Dukani Kariakoo alikuwa ameiona kwa shilingi 420,000.

“Baba watoto,” mkewe alimuuliza, “hiyo laki nne na ushee ni ya mashine tu, au ni ya mashine mpaka itoboe?”

Ilibidi wachukue daftari na kuhesabu upya. Jiliwa la kubania kazi, ambalo mafundi wengi huliita vaisi, 45,000. Seti ya biti 30,000. Miwani ya kukinga macho 5,000. Waya, soketi na malipo ya fundi umeme 35,000. Mbao na bolti za meza ya kuifungia 40,000. Usafiri 15,000. Mashine ya 420,000 ikawa 590,000 kabla haijatoboa hata tundu moja.

Swali la pili la mama lilikuwa: itajilipa lini? Kila stuli iliwaachia faida ya shilingi 6,000. Kwa hesabu hiyo zilihitajika stuli 99 kurudisha fedha yote. Wakiuza nne kwa wiki, ni karibu miezi sita.

Swali la tatu ndilo ambalo wazazi wengi hulisahau. Je, haiwezekani kumlipa fundi mwingine mwenye mashine akutobolee? Kwa anayetoboa matundu kumi kwa mwezi, kulipia ni nafuu kuliko kununua. Kwa huyu baba, stuli nne zilikuwa na maana ya matundu 48 kila wiki. Hapo mama akakubali, kwa masharti mawili. Shilingi 260,000 zilizobaki ziende kwanza kwenye sare, viatu na madaftari ya watoto. Na zile 590,000 ziandikwe kwenye daftari kama deni la karakana kwa nyumba, kila stuli ikiuzwa ipunguzwe.

Kuichagua dukani

Mashine ya bei nafuu inaweza kufanya kazi nzuri, lakini hutofautiana hata zikitoka kwenye boksi la aina moja. Baba huyu aliomba kuonyeshwa zaidi ya moja, na muuzaji mwenye subira alimruhusu.

Kwanza alisoma kibati cha mota. Umeme wetu ni wa volti 230 na hezi 50. Mashine za mtumba zinazotoka Japani nyingi ni za volti 100, na za Marekani ni za volti 120. Ukiichomeka mashine ya namna hiyo moja kwa moja ukutani, mota inaungua. Itahitaji transfoma, na bei ya transfoma hula ule unafuu uliokuvutia kwenye mtumba.

Pili, alibana biti iliyonyooka, akakizungusha kichwa taratibu kwa mkono huku akiitazama ncha. Ncha ikichora duara hewani, kuna kitu kimepinda, na matundu yatakuwa mapana kuliko biti yenyewe. Tatu, alikishika kichwa na kukitikisa kulia na kushoto ili kuona kama kinalegea. Nne, alivuta mkono wa kushushia na kuuachia, ili kuona kama unarudi juu wenyewe bila kukwama. Mwisho aliweka skwea mezani, akaangalia kama biti na meza vinakutana kwa pembe mraba. Alizikataa mbili, akachukua ya tatu. Ilikuwa na mota ya wati 350, na kichwa chake kinabana biti hadi ya milimita 13.

Mama alikuwa na hofu ya LUKU. Hesabu yake si ngumu. Mota ya wati 350 ikifanya kazi kwa nguvu zake zote saa nzima hula uniti 0.35. Saa tatu mfululizo ni takriban uniti moja, na hakuna seremala anayetoboa saa tatu bila kupumzika.

Boksi lilipanda gari la Bagamoyo pale Makumbusho, likashushwa Mapinga, na bodaboda akalimalizia hadi nyumbani.

Kuiweka mahali pake

Drili ya mezani ina uzito mwingi juu kuliko chini, kwa hiyo ikikaa mezani bila kufungwa inaweza kumwangukia mtu. Siku ya kwanza haikuwashwa kabisa. Baba alitengeneza meza ya mbao nene, akaifunga mashine kwa bolti nne, na fundi umeme akaweka soketi yenye waya wa ardhi kwenye nguzo, usawa wa kifua. Waya wa kuburuta chini kutoka sebuleni ulikataliwa, kwa sababu masika uani hujaa maji.

Siku ya pili alifuta mafuta mazito ambayo kiwanda hupaka vyuma visishike kutu safarini. Sehemu moja ilihitaji kukaushwa vizuri kwa kitambaa, nayo ni pale kichwa kinachobana biti kinapopachikwa. Katika mashine nyingi za aina hii hakuna skrubu inayokishika. Kinashikwa na mfinyo wa chuma ndani ya chuma. Mafuta yakibaki hapo, kichwa hudondoka kazini.

Nguzo na meza ya mashine hazina rangi, na upepo wa Mapinga una chumvi ya bahari. Kila Jumamosi hupitishwa kitambaa chenye mafuta kidogo. Bila hivyo kutu huanza kuonekana mapema.

Kisha ikaja mikanda. Ndani ya kifuniko cha juu kuna puli zenye ngazi, na kuuhamisha mkanda kutoka ngazi moja hadi nyingine hubadilisha mwendo. Kanuni yake haina mambo mengi: biti ikiwa nene, mwendo upungue, na chuma kitobolewe polepole kuliko mbao. Kwa chuma laini cha kawaida, biti ya milimita 6 hufaa mizunguko kama 1,300 kwa dakika, na ya milimita 12 nusu ya hapo. Wasiojua huacha mkanda ulivyotoka dukani, biti ikaungua na kugeuka rangi ya buluu, kisha wanasema mashine ni mbovu.

Mwezi wa kwanza hakuna stuli iliyorudishwa. Mtoto wa kiume aliporudi shule alikuwa akifagia vumbi la mbao na kumpa baba vifaa. Wa kike alisimama mlangoni, mahali alipoambiwa aishie.

Siku ya flatibaa

Ilikuwa likizo ya Juni. Mteja alitaka meza yenye vipande vya chuma vya kukazia miguu, na kila kipande kilitakiwa kuwa na matundu mawili. Baba alikuwa ameshatoboa vitatu, kila kimoja kikiwa kimebanwa kwenye jiliwa. Mtu akabisha hodi getini. Baba akazima mashine na kwenda kumsikiliza.

Kijana alikiona kipande cha nne kimelala mezani. Alitaka baba akirudi akute kazi imekwisha. Akaweka ile flatibaa chini ya biti ya milimita 10, akaishika kwa mkono wa kushoto, akawasha na kuvuta.

Tundu lilianza vizuri. Hatari katika kutoboa chuma chembamba haiko mwanzoni. Iko pale biti inapokaribia kutokea upande wa pili, kwa sababu chuma kilichobaki chini ni kidogo, na makali ya biti hukidaka badala ya kukikata. Kwa kufumba na kufumbua flatibaa ilijiviringisha na biti kama feni. Ilimchana kati ya kidole gumba na cha shahada.

Zahanati walimshona nyuzi nne na kumchoma sindano ya pepopunda. Mganga alimwambia akunje vidole kimoja kimoja, akaridhika kwamba vyote vinatii. Mama, aliyekuwa amemshika begani, ndipo akaketi.

Usiku ule aliuliza kwa nini mtoto hakupewa glavu. Ni swali ambalo mzazi yeyote angeuliza, na jibu lake linawashangaza wengi. Kwenye mashine inayozunguka, glavu ndiyo hatari. Biti ikiukamata uzi mmoja wa glavu, huivuta yote pamoja na mkono uliomo. Ni vilevile kwa mikono mirefu ya shati, pindo la kanga, ushungi unaoning'inia na msuko mrefu. Kinachoulinda mkono ni kuwa mbali, kazi ikiwa imebanwa kwenye jiliwa au kufungwa mezani kwa bolti.

“Iuzwe,” mama alisema.

Baba hakubishana naye. Daftari lilionyesha stuli 61 zilizouzwa na deni la shilingi 224,000. Mashine ikafunikwa turubai, ikakaa hivyo wiki kadhaa.

Keke ya baba mkubwa

Katika wiki hizo baba alitoa kwenye sanduku kitu ambacho watoto hawakuwahi kukiona kikitumika. Ilikuwa keke ya baba yake mkubwa, aliyefanya kazi na waunda vyombo vya baharini pale Bagamoyo.

Keke ndiyo drili ya mwambao, ya kabla ya umeme. Ni kijiti cha mduara chenye chuma cha kutobolea nchani na kishikio cha kiganja juu. Kamba ya uta huzungushwa kwenye kijiti, na ukiusukuma na kuuvuta uta kama msumeno, kijiti huzunguka huku na huku. Waunda jahazi hutoboa kwanza njia ya msumari kwa keke, ndipo wapige nyundo, ubao usipasuke.

Kijana alipotolewa nyuzi na kidonda kikafunga, baba alimpa keke na vipande vya mbao. Hakumtaka atoboe haraka. Alimtaka, huku akitazama ukutani, aseme “inatoka” kabla ncha haijatokea chini. Siku za kwanza alisema ikiwa imeshatoka. Baadaye akaanza kuhisi. Sauti hubadilika, mkono wa juu hupata wepesi, na uta huwa kama unataka kukimbia.

Keke husimama mkono unaposimama. Mota haina habari kama unachokishika ni mbao, chuma au kidole, na mashine ikiondoa ile kazi ya mkono, inaondoa pia nafasi ya mtoto kujifunza hiyo dalili. Kwa hiyo Julai yote, baada ya shule, kijana alitoboa kwa keke. Mama alikuwa akipita na ndoo yake na kusikiliza.

Mwisho wa mwezi ni yeye mama aliyelitaja turubai. Alisema mashine inaweza kufunuliwa, ila ufunguo utakaa kwake.

Ufunguo huo ni ule mdogo wenye meno, wa kukazia na kulegezea biti. Tangu siku hiyo unaning'inia kwenye msumari jikoni. Kazi ikiisha, plagi inachomolewa, biti inatolewa, na ufunguo unarudi jikoni. Mashine isiyo na biti wala ufunguo haiwezi kutoboa kitu. Utaratibu huo uliondoa na hatari nyingine: ufunguo hausahauliki kichwani mwa mashine, mahali ambapo ukiwasha huruka kama jiwe la manati.

Kijana sasa hutoboa baba akiwa amesimama pembeni yake, miwani machoni. Chini ya chuma huwekwa kipande cha mbao, ili biti ikitokea ipokewe. Anapofika karibu na mwisho wa tundu husema “inatoka” na kupunguza mvuto. Nyuzi za chuma zinazotoka huwa za moto na zenye makali, na hufagiliwa kwa brashi, mota ikiwa imezimwa.

Msichana hagusi mashine. Kazi yake ni kupima na kutia alama ya tundu kwa msumari mgumu na nyundo ndogo, mbali na mota, ili biti ipate pa kuanzia. Alama zake zimenyooka kuliko za kaka yake, na kaka yake anajua.

Kuna mzazi atakayeuliza kama ni halali mtoto kufanya haya. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumwajiri mtoto wa chini ya miaka 14, na aliyefikisha umri huo huruhusiwa kazi nyepesi tu, isiyomdhuru wala kumzuia kusoma. Kumfundisha mwanao ufundi si kumwajiri, lakini kipimo hicho kinafaa hata nyumbani. Kama anakosa shule ili stuli zifike 10, hayo si mafunzo tena. Serikali nayo imerudisha ufundi darasani: Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka mkondo wa amali katika sekondari. Mtoto aliyezoea kupima, kubana na kungoja atafika huko akiwa na mwanzo mzuri.

Stuli ya 99 iliuzwa mapema Oktoba. Mama alipiga mstari chini ya deni, na mstari uliofuata akaandika matumizi mapya: biti mbili, kwa kuwa za zamani zimeisha makali.

Kovu la kijana ni jembamba na linaonekana akikunja ngumi. Kila akitoka shule hupita jikoni kwanza. “Shikamoo mama, naomba ufunguo.” Mama huitikia marahaba, kisha huuliza mambo matatu kabla ya kuutoa kwenye msumari. Unatoboa nini? Umekibana na nini? Baba yako yuko wapi?

Jibu la tatu likiwa “katoka kidogo”, ufunguo unabaki palepale, na kijana anakwenda kuchukua keke.